Kitambaa cha Mama Mdogo

Juzi juzi hapa, ule ugonjwa wa kupumua ulipotanda na kila mtu akawa anafunika pua na mdomo, mkwe wangu alinishonea barakoa sita za pamba. Ana mikono mizuri yule mtoto. Alizifua, akazianika, na kabla hazijakauka sawasawa akaanza kuzipiga pasi sebuleni, mimi nimekaa pale pale na chai yangu. Harufu ikanifikia, ile ya pamba yenye unyevu ikiguswa na chuma cha moto. Niliweka kikombe chini nikatoka uani. Akanifuata mbio. "Mama, vipi, joto?" Nikamwambia ee, joto. Joto gani, na mvua ilikuwa inanyesha! Nilishindwa tu kumwambia kwamba nimeona haya, haya ya mtoto wa miaka tisa, na mimi sasa nina wajukuu.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia Kariakoo ile ya foleni na maduka ya ushirika, hamhitaji kuelezwa mengi. Tulikuwa tumepanga nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani jiko la wote, bomba la wote na choo cha wote. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zena, mjane, anakaa chumba cha mbele kinachotazama baraza, kwa hiyo hata nzi hakuingia asimwone. Sisi tulikuwa chumba cha nyuma kabisa: mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia. Tulimpata kwa msimu, kama maembe.

Halafu akaja Mama Mdogo Siwema, mdogo wake mama, kutoka Utete. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mcheshi ajabu, na vidole vyake vikikusuka nywele husikii maumivu. Mama alikuwa akinisuka kama anavuta kamba ya kisima, kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyompenda Mama Mdogo. Alikuja na kikohozi. Wiki ya pili mama akampeleka zahanati, na siku waliyorudi na majibu walikaa kitandani wote wawili, mpaka mtoto akalia ndipo mama akakumbuka kuwa ana mtoto.

Mambo mengine niliyaelewa baadaye, lakini niyaweke hapa yaeleweke. Ilikuwa kifua kikuu. Nesi alisema atachomwa sindano kila siku kwa siku sitini, asikose hata moja, maana akiziacha katikati ugonjwa unarudi na nguvu mpya. Na kwa wiki za mwanzo, kila anapokuwa karibu na watu, hasa chumbani na sisi watoto, afunike pua na mdomo kwa kitambaa mpaka nesi mwenyewe amwambie basi. Kwao Utete sindano hizo hazikuwepo. Ilibidi akae mjini, na mjini hakuwa na pa kukaa zaidi ya chumba chetu. Bi Zena alishawahi kumtolea vyombo nje mpangaji mmoja aliyekohoa damu, jua la utosi, mtaa mzima unatazama. Kwa hiyo mama na mdogo wake wakakubaliana kuficha.

Mimi nilichokiona ni kitambaa. Nesi alimpa kimoja, mama akashona viwili vya pamba nyeupe ya marekani, kila kimoja na kamba nne za kufungia kisogoni. Vilichemshwa kwenye sufuria yake peke yake, wapangaji wenzetu wakiwa sokoni, vikaanikwa chumbani juu ya kamba, vikapigwa pasi ya mkaa vikiwa bado na unyevu. Mama Mdogo alihamia upande wa dirisha, akapewa kikombe chake na sahani yake, na kuanzia siku hiyo uso wake nikauona kuanzia machoni kwenda juu tu.

Nikamwuliza, "Mama Mdogo, umekuwa nesi?"

Akacheka, kitambaa kikavimba na kunywea. "Ee. Nesi wa chumba hiki. Wagonjwa wangu ni wewe na huyo mnyonya maziwa."

Masihara yake hayo. Mimi nikayameza mazima mazima.

Nje ya chumba alikuwa hakivai. Alivuta ncha ya khanga akaishikilia mdomoni, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wakipita mbele za watu, na hakuna aliyeshtuka. Bi Zena alimsifu hadharani: "Mwali ana haya yule! Siyo hawa wenu wa mjini, midomo wazi kama makopo." Mama akaitikia kwa kichwa, akainamia jiko lake.

Mimi nilionywa. Mama alinishika sikio: "Ya chumbani yanabaki chumbani. Ukikitaja kitambaa hiki huko nje, utanijua." Sasa hebu niwakumbushe miaka ile ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya kuficha. Ukipata mche wa sabuni, unauficha. Mafuta ya kula yalikuwa chini ya kitanda, sukari kwenye kopo ndani ya sanduku la nguo, na ukikaanga samaki unafunga mlango ili harufu isikusengenye. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mtu mzima anaficha kitu kibaya. Kinachofichwa ni kizuri, na kinafichwa kwa sababu watu wana kijicho. Kitambaa cha Mama Mdogo kilikaa chini ya godoro, kimekunjwa ndani ya kipande cha kanzu ya baba. Nikajua hicho ni kitu kikubwa.

Zahanati ndiyo iliyonimalizia kabisa. Siku shule zimefungwa nilikuwa namsindikiza asubuhi, tunakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja umande ukiwa bado majanini. Akifika getini anageuka ukutani, anatoa kitambaa, anakifunga. Tukiingia, watu kwenye benchi wanasogea. Benchi limejaa hadi pomoni, lakini sisi tunapata nafasi ya watu wanne. Mzee wa kanzu aliinuka kabisa, akaenda kusimama mlangoni. Halafu anatoka nesi naye kafunga kitambaa kama kile kile, na daktari naye hivyo hivyo. Mtoto wa miaka tisa, umwambie nini tena? Wenye kitambaa ni wakubwa, na wakubwa wanapishwa. Nilikaa pale benchini nabembeza miguu, kichwa kimevimba.

Basi, sukari ikaja. Mtaa wetu ukisikia sukari imeshushwa duka la ushirika, hata mgonjwa anaamka. Foleni ilipangwa kwa mawe: unaweka jiwe lako, au kopo, au ndala moja, unaenda zako, na jiwe linasimama badala yako. Shida ni kwamba jiwe la mtoto lilikuwa halina heshima. Mara iliyopita niliweka jiwe langu la nane kutoka mlangoni, nikarudi nikalikuta mtaroni, na nilipofika mlangoni sukari imekwisha. Jioni ile Mama Mdogo alikunywa uji wa chumvi. Wakati huo alikuwa hawezi kula kitu kingine, uji tu, na ule wa chumvi aliunywa nusu, akageuza uso ukutani. Iliniuma. Niseme na hilo jamani, angalau hilo lisikike: iliniuma.

Siku hiyo mama alikuwa uani anafua, Mama Mdogo amelala. Mama akaniita, "Rehema, kimbia kashike nafasi." Niliingia chumbani kuchukua pesa na mfuko wa sukari, na mkono wangu wenyewe ukaenda chini ya godoro.

Nilikifunga kona ya mtaa. Kilikuwa kikubwa, kilifika chini ya macho, na nilikaza kamba za nyuma mpaka masikio yakauma. Nikaenda kusimama mwisho wa foleni.

Mama mmoja mbele yangu akageuka, akanitazama, akamvuta mwanawe kwa mkono. Akasogea. Wa mbele yake akauliza kuna nini, akaona, naye akasogea. Foleni nzima ikapasuka kama kitenge kinachochanwa. "Mpisheni! Mpisheni huyo mtoto!" Mijitu mizima, wanaume wa kubeba magunia, wananipisha mimi! Nikanyoosha shingo. Nikapita kati yao polepole, na wale wazee niliwapa shikamoo moja moja, hakuna aliyeitikia marahaba, nikadhani wameduwaa. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa mlangoni na daftari la majina ya nyumba. Alisoma jina letu kutoka mbali, akiwa amenyoosha mkono kama anazuia gari. Muuza duka akapima kilo mbili chapuchapu, akaweka mfuko kwenye kizingiti, akarudi nyuma, akasema, "Chukua. Chukua, nenda."

Tatu, mjukuu wa Bi Zena, alikuwa kwenye foleni na jiwe lake mkononi. Yeye ndiye shoga yangu, tunalingana umri, tunacheza rede pamoja kila siku. Akaniuliza kwa mbali, "We Rehema, umekitoa wapi hicho?"

"Cha Mama Mdogo wangu," nikasema. "Yeye ni nesi. Anavyo vitatu, na kila siku anaenda zahanati."

Nilisema kwa sauti. Nilitaka wote wasikie.

Nilipoingia uani na sukari yangu, kitambaa bado usoni, mama alikuwa anakamua shuka. Lilimponyoka likaanguka kwenye matope. Hakunipiga. Alikuja, akakifungua kile kitambaa kwa mikono iliyolowa, akakifinyanga kiganjani, akasema, "Umepita nacho wapi?" Nikamwambia dukani. Akauliza nani ameona. Nikamwambia, nikitabasamu bado, "Wote."

Kabla ya alasiri Bi Zena alikuwa amesimama mlango wa uani, khanga puani. Mama alimwamkia, akaitikia, maana adabu haikuwa imekwisha. Halafu akasema, "Mama Rehema, umenifanyia hivi mimi?"

"Bi Zena, nisamehe. Amebakiza sindano ishirini na mbili tu. Nesi kasema Jumatatu anakivua kitambaa, hawezi tena kumwambukiza mtu. Ndani ya chumba hajakivua hata siku moja, naapa."

"Mimi nilizika mume kwa kifua hicho hicho. Nina wajukuu wanne humu ndani, wote wanakanyaga uani hapa."

"Akirudi Utete hakuna sindano. Atakufa, Bi Zena."

Bi Zena akalia. Ningependa kusema alikuwa mwanamke mbaya, ingenirahisishia maisha, lakini alilia kweli, chozi likaingia kwenye khanga. Hata hivyo akasema, "Wewe na wanao kaeni. Yeye nampa mpaka Ijumaa."

Siku tatu zile mama alizunguka kutafuta chumba. Alikwenda Ilala, akashuka mpaka Mchikichini, mtoto mgongoni. Kote alipokwenda habari ilikuwa imeshatangulia, au aliambiwa ndiyo mpaka wakamwuliza anayekuja kukaa ni nani. Baba alikuwa huko Zambia, hatujui hata mji gani.

Jioni ya siku ya kwanza Mama Mdogo aliniita. Nilikuwa nimejificha nyuma ya sanduku, nimekwisha kuelewa kwamba nimefanya jambo, sijui jambo gani. Alikaa dirishani, mimi akaniambia nikae mlangoni.

"Ulipata kilo ngapi?"

"Mbili."

"Hata mjumbe alikupisha?"

"Alikaa mbali kabisa."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akainama, akashika kitambaa kwa mikono yote miwili mpaka kikohozi kikapita. "Basi umenishinda," akasema. "Mimi wananipa benchi tu." Halafu akanieleza. Aliniambia yeye siyo nesi, anaumwa kifua, na mdudu wa ugonjwa anatoka na pumzi na kikohozi. Kitambaa kinamzuia asinifikie mimi na mdogo wangu. "Nakivaa kwa ajili yenu," alisema. "Wanaponipisha ni kwamba wananiogopa. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa, na nilielewa. Naomba mlishike hilo, maana ya dukani naweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote. Ilipofika Ijumaa nilikuwa najua kila kitu.

Siku hizo tatu hakuna aliyecheza na mimi. Nikitokea barazani watoto wanaziba pua kwa vidole, wanakimbia, wanaimba jina langu na neno kifua. Maji yetu tuliteka wa mwisho. Nilikaa kwenye ngazi nawatazama wanacheza rede barabarani, mpira wa soksi unapita hewani, na mimi ndiye nilikuwa hodari wa kukwepa kuliko wote. Alhamisi, Tatu alikuja akasimama upande wa pili wa mtaro. "Bibi kasema Mama Mdogo wako akiondoka tutacheza na wewe," akasema. "Lakini kama hujamgusa."

Ijumaa waliondoka baada ya chai. Majirani walijaa barazani, wengine wamekuja na vigoda kabisa. Mama alitangulia na mzigo kichwani, ameushika kwa mikono miwili. Mdogo wangu alibaki kwa jirani wa chumba cha tatu. Mama Mdogo akafuata, na mara hii hakuvuta khanga mdomoni. Alitoka na kitambaa chake kimefungwa vizuri, cheupe, kimepigwa pasi, maana hapakuwa na cha kuficha tena. Alisema kwaheri kwa wote. Wachache waliitikia.

Akanifikia mimi. Akasimama hatua mbili kutoka nilipo, akanyoosha mkono. Mkono tu, hakutaka kunikumbatia, alikuwa mwangalifu mpaka dakika ile.

Tatu alikuwa amesimama na wenzake chini ya ngazi, mpira wa soksi mkononi.

Nilivuta kola ya gauni langu, nikaipandisha mpaka puani, nikarudi nyuma. Nikarudi tena mpaka nikagusa ukuta. Sikuwa naogopa ugonjwa. Nisingeweza kumwogopa Mama Mdogo hata kidogo, nilikuwa nimelala naye chumba kimoja siku zote hizo. Nilifanya vile ili watoto wanione.

Mkono wake ulibaki hewani kidogo. Halafu akaushusha, akaufutia kwenye khanga kana kwamba una maji. "Hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Umefanya vizuri. Funika hivyo hivyo."

Akaondoka nyuma ya mama, kuelekea stendi ya mabasi ya Rufiji, kurudi Utete. Hawajapinda kona mimi nikawa barabarani. Nilicheza rede mpaka adhana ya magharibi, na nilishinda.

Mama Mdogo hakumaliza mwaka. Habari ililetwa na mtu wa kwao aliyekuja mjini na mikeka ya kuuza. Mama aliipokea mlangoni, akamkaribisha maji yule mtu, akamshukuru, na alipokwisha kuondoka ndipo akaketi chini sakafuni. Mimi sikuwahi kuugua kifua, mdogo wangu naye hakuugua. Hata wajukuu wa Bi Zena, wote wanne, walikua wakaolewa na kuoa. Kitambaa kilifanya kazi yake, na yeye alikivaa kila siku kwa ajili yetu, na sisi tukamtoa.

Kisa cha sukari nimekisimulia sana. Kwenye arusi, kwenye matanga, watu wanashika mbavu: Rehema na foleni, mjumbe kanyoosha mkono! Huwa naishia pale muuza duka anaposema chukua, nenda. Ya Ijumaa sikumwambia mtu yeyote, mume wangu hakuyajua mpaka anakufa.

Mama peke yake ndiye nilimwambia, mara moja, naye ni mzee, macho yameanza kwenda. Tulikuwa tumekaa mkekani, ungo wa mchele kati yetu, tunachambua. Nikaanza, "Mama, siku ile Mama Mdogo anaondoka, pale barazani, aliponipa mkono..."

"Nilikuona," akasema.

Miaka yote ile! "Mbona hukunichapa?"

Alichambua punje mbili tatu. "Ningekuchapaje? Ule mzigo nilioubeba ulikuwa khanga mbili na sufuria. Mtoto mdogo angeubeba kwa mkono mmoja. Mimi niliushika kwa miwili, kutoka barazani mpaka stendi, mpaka basi likaondoka." Akausogeza ungo pembeni. "Nilijua nikiacha mkono mmoja chini, Siwema ataushika."